Kamera Niliyoikataa

Munyaka, Eldoret
Tarehe 14, mwezi wa kumi na moja

Kwa dada yangu mpendwa Nekesa,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi ndugu yako Gideon, na kutoka kwa Nekoye mke wangu, na kutoka kwa watoto, na kwa majirani wa hapa Munyaka ambao hawajawahi kukuona lakini wanakujua kabisa kwa vile nimewaeleza habari zako. Sisi tuko wazima isipokuwa baridi, ambayo mwaka huu imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Je, mguu wako umepata nafuu? Mahindi ya huko Chwele mmeshavuna ama mvua imeyalaza? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, ama bado anatembea na tumbo kama diwani? Nauliza kwa barua kwa sababu simu zangu hupokei. Nimekupigia mara kumi na moja. Basi nikaona nichukue kalamu. Barua unaweza kuitia motoni, lakini nakujua tangu utoto, huwezi kuchoma kitu kabla hujakisoma. Anakuletea Kageha wa kwaya yetu, anayekuja huko kwa harusi ya rafiki yake. Atakaa siku tatu kisha atarudi. Hizo siku tatu zikumbuke, nitazirudia huko chini.

Kwanza elewa hili, kwa maana najua huko nyumbani hawakulieleza sawasawa: Bunge la Jamhuri ya Kenya lilifunga safari kutoka Nairobi hadi Eldoret kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Usicheke. Sawa, si Bunge zima, ni kamati, lakini si kamati ya kuangalia michezo ama mitaro. Ni ile inayosimamia usalama wa ndani ya nchi yote, ile ambayo mkubwa yeyote wa askari ikimwita, anavua kofia na kukaa kwenye kiti kama mtoto aliyevunja chungu. Walikuja na magari arobaini. Kibet, yule anayeuza viatu vya mitumba kando ya kibanda changu, anasema yalikuwa sita. Kibet hajui kuhesabu kitu isipokuwa viatu, na hivyo pia kwa jozi.

Aliyewaleta ni Mheshimiwa Jemutai, naibu mwenyekiti wa hiyo kamati. Huyo mama nilimjua kabla hajawa mheshimiwa. Zamani akiwa mwalimu alikuja kwangu kisigino cha kiatu kimeng'oka, nikakigongelea, nikamwambia, mwalimu, mguu huu utafika mbali. Kwa hivyo mtu akisema kwamba siasa yake ilianzia kwenye nyundo yangu hatakuwa amedanganya sana. Na ni mbunge wa kazi, si wa kukata utepe. Wenzake wakisinzia kwenye kikao yeye anaandika. Ana daftari moja la buluu, la kawaida tu, kama la mtoto wa shule, ambalo ndani yake ameandika kwa mkono majina ya watu waliochukuliwa tangu yale maandamano ya vijana. Kule Nairobi wakubwa walimwambia kwamba hakuna mtu aliyepotea, kwamba hao ni vijana waliotoroka wake zao. Akasema vizuri, basi tutazunguka tuwaulize hao wake.

Sheria yake ilikuwa moja. Jina haliingii kwenye ripoti ya kamati mpaka apatikane mtu mmoja aliyeona kwa macho yake, akaapa, akasema nani alichukua, wapi na saa ngapi. Bila shahidi, jina linabaki kwenye daftari la buluu tu, na daftari la buluu haliwezi kumtoa mtu kwenye seli. Lakini jina likiingia kwenye ripoti, waziri analazimika kusimama Bungeni na kujibu: huyu yuko wapi. Jina la Wabuge wetu, mwanao, lilikuwa kwenye daftari. Aliyeona alikuwa mmoja. Sasa umeelewa kwa nini nasema walinijia mimi.

Yale ya siku yenyewe unayajua, lakini wacha niyaandike ili yawe kwenye karatasi hata kama ni karatasi hii tu. Ilikuwa tarehe tisa mwezi wa saba, saa nane mchana, jua limewaka. Mwanao alikuwa ametoka kule Chepkoilel kwenye saiba, lile duka la kompyuta anapofanya kazi ya kujazia watu fomu huku akingoja serikali impe shule ya kufundisha. Aliniletea githeri ya mahindi na maharagwe kwenye kopo. Kibet alikuwa amekwenda kuchukua mzigo wake, na yule mama wa matunda alikuwa amefunga. Gari jeupe lisilo na namba likasimama. Walishuka wanaume wanne wenye nguo za kawaida. Hawakupiga kelele. Wawili walimshika mikono, mmoja akamtia kofia usoni, wa nne akasimama mbele ya kibanda changu akinipa mgongo, na mimi nikaangalia chini kama kawaida ya fundi viatu. Nikaona buti zake. Nekesa, zile buti nilizishona mimi Jumanne ya wiki hiyo. Buti la kulia lilikuwa limeachana upande wa kidole kidogo, uzi wangu mweusi ukawa umeniishia, nikamwambia mwenyewe kwamba nitaweka wa kijani, akasema weka tu, bora kiatu. Ile mishono ilikuwa kumi na minne. Hakuna fundi mwingine Uasin Gishu nzima anayefunga fundo la mwisho kwa ndani kama mimi.

Wabuge aliniita mara moja. Aliniita Khocha, vile mtoto wa dada anavyopaswa kumwita ndugu ya mama yake. Hata alipomaliza chuo hakuanza kuniita Anko kama hawa wengine. Mimi nilikuwa na kiatu cha mtu mapajani na sindano katikati ya meno. Nilipoitoa sindano, gari lilikuwa limekwenda.

Ulikuja, tukazunguka pamoja. Kituo hadi kituo wakatuambia hawana mtu wa jina hilo. Tulifika mpaka hospitali ya Plateau, ukakataa kuingia chumba cha maiti, nikaingia mimi, nikatoka nikakutikisia kichwa, na wewe ukakaa chini kwenye nyasi ukavua viatu. Siku hiyo ndiyo niliyokuahidi. Nilikushika mkono nikasema dada, mimi niliona, na mimi nitasema, hata kama ni mbele ya nani. Kwa hiyo usidhani nimesahau niliyoyasema.

Wiki moja kabla ya kikao alikuja kibandani karani wa kamati, kijana mmoja anaitwa Oyugi, mpole, amevaa suti na viatu vizuri ila soli ya kushoto imeanza kucheka. Alitoa fomu ya Kiingereza kurasa tatu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi nilifika Form Two. Tukaenda kwa swali moja moja. Jina, nikajibu. Kitambulisho, nikatoa. Kisha akafika mahali pana visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, akaniuliza kama ningependa kutoa ushahidi wangu in kamera.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, dada. Nekoye alikuwa amenilaumu tangu asubuhi. Alisema wewe mwanaume unapenda kuonekana, utakwenda kukaa mbele ya TV utoe meno, na wale watu wataona sura yako na watajua kibanda kilipo, na mimi nitakuwa mjane kwa sababu ya mdomo. Basi nilipomsikia Oyugi akitaja kamera, nikasema ahaa. Nikamwambia wazi kwamba mimi na kamera hapana. Aliniangalia. Akaniuliza, Mzee, una uhakika? Kwa kesi kama hii wengi wanaomba in kamera. Nikamwambia hao wengi wanapenda sifa, mimi nataka haki. Nikachukua kalamu mwenyewe nikatia alama kwenye Hapana, kubwa, mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikataa kuonekana, na nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, nimekusikiliza, sasa nipe chai.

Siku ya kikao nilivaa ile suti yangu ya harusi. Kibet alinitazama juu mpaka chini akasema Mukhwana, hiyo koti inakushtaki wewe mwenyewe, imebana kama askari. Nikamwambia anyamaze, leo anaongozana na mshauri wa Bunge. Nusu ya Munyaka ilikuja nyuma yangu. Najua nilikuwa nimewatangazia. Nilikuwa nimewaambia kwamba Mheshimiwa Jemutai amenipigia simu binafsi, ambayo si kweli sana. Alikuwa Oyugi, lakini simu ilikuwa ya kamati.

Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na meza ndefu ya waheshimiwa, na upande wa kulia viti vya maafisa walioitwa kujibu, na katikati kiti kimoja, changu. Na kamera, Nekesa! Niliingia nikakuta kamera saba zimesimama kwa miguu mitatu mitatu, zote zikiangalia kile kiti. Nikamtafuta Oyugi kwa macho nimuulize huu ni mchezo gani. Alikuwa anapanga karatasi. Nikashikishwa Biblia, nikaapa. Bado nilikuwa nafikiri kuna mtu atakuja kuzizima.

Ndipo Mheshimiwa Jemutai akawasha maikrofoni. Alizungumza Kiswahili makusudi ili kila mtu asikie. Alisema kwamba kote walikozunguka, mashahidi karibu wote wameomba kusikizwa milango ikiwa imefungwa, bila waandishi wa habari, bila askari chumbani, majina yao yakifichwa, na kwamba hakuna anayewalaumu. Lakini mzee huyu wa Eldoret, akasema, fundi viatu, aliulizwa mara mbili kama anataka kufichwa, na mara mbili akakataa. Ametia alama kwa mkono wake. Akasema nchi hii ingekuwa na wazee kumi tu kama huyu, yeye angefunga daftari lake akarudi kufundisha. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Kibet alisimama juu ya kiti akaamriwa na polisi ashuke. Hakuna siku nimesifiwa kama hiyo tangu nizaliwe.

Niliangalia chini, maana huko ndiko macho yangu huenda yakikosa pa kwenda. Kwenye safu ya kwanza ya maafisa, kiti cha tatu, kulikuwa na buti. La kulia lilikuwa na mishono ya kijani. Nikapanda polepole na suruali, safari hii ni suruali ya sare, yenye pasi, nikapita mkanda, nikafika usoni. Alikuwa ananitazama. Hakunikunjia uso, hakunionyesha kidole. Aliinua tu mguu wa kulia akauweka juu ya goti la kushoto, kama mtu anayepumzika, na ule mshono ukawa unaniangalia mimi.

Mheshimiwa aliniambia nieleze kamati nilichoona tarehe tisa. Nikasema nilikuwa nimeinama kazini. Akauliza kama niliona gari. Nikasema kulikuwa na vumbi, na jua lilikuwa kali, magari ni mengi. Akavua miwani, akasema taratibu, Mzee Mukhwana, kwa karani wetu ulieleza kwamba unaweza kumtambua mmoja wao kwa kiatu alichovaa. Nikasema viatu hufanana. Akaniuliza mara ya tatu, na hiyo haikuwa sauti ya mbunge tena. Aliniuliza, uliona mtoto wa dada yako akichukuliwa ama hukuona? Na mimi, juu ya Biblia, mbele ya kamera saba, nikasema sikuona kitu. Aliningoja. Kisha akafunga kalamu kwa kifuniko chake, akafunga lile daftari la buluu, akaita shahidi mwingine.

Najua uliona. Nimesikia kwamba ulikuwa kwa katekista mbele ya TV, na wamama wa kanisa wamekuzunguka, na kwamba ulipoona nimekaa kwenye kile kiti uliwaambia wanyamaze, ndugu yangu anazungumza.

Baada ya hapo nilimwambia mchungaji wa hapa kwamba asubuhi ile walinijia watu watatu wenye bastola, wakaniwekea risasi mbili mezani, moja yangu na moja ya Nekoye. Mchungaji akampigia katekista, na katekista akakuletea. Kwa hivyo labda ulianza kunionea huruma kidogo. Usinionee. Hakuna watu watatu. Hakuna risasi. Asubuhi ile aliyenijia ni Kibet peke yake, na alikuja kuazima kiwi ya viatu.

Aliyekuja alikuja baadaye, na huyo si hadithi. Ilikuwa Alhamisi, siku mbili baada ya kikao, kabla ya saa nne. Aliketi kwenye benchi la wateja, akavua buti zote mbili, akabaki na soksi. Akanisalimia vizuri, shikamoo Mzee. Akasema hii rangi haipendezi, nibadilishie, weka mweusi. Kisha akafungua gazeti. Hilo ndilo tu alilosema. Hakuwa na bastola niliyoiona. Nami nilikuwa na kisu mkononi, na nyundo, na sindano, na watu wakipita barabarani, na yeye hana viatu. Nilifikiri juu ya hilo, kwamba hana viatu. Halafu nikachukua lile buti nikaanza kufumua. Mishono kumi na minne, mmoja baada ya mwingine, mpaka fundo langu la ndani. Nikashona upya kwa uzi mweusi, na dada, niliishona vizuri. Mikono haikujua inamfanyia nani. Alipovaa alikanyaga chini mara mbili, akasema kazi safi. Kibet aliona yote kutoka kwake. Tangu siku hiyo Kibet hanitanii tena, na ni afadhali angenitania.

Ripoti ya kamati ilisomwa Bungeni wiki iliyopita. Kuna majina thelathini na moja. Nilimwomba binti wa jirani anitafutie kwenye simu, akashuka na kidole chake mpaka mwisho, akarudi juu, akashuka tena. Wabuge hayumo. Kuna mstari mmoja tu, kurasa za nyuma, unaosema kwamba kuhusu tukio la Eldoret shahidi pekee alieleza kuwa hakuona kitu. Jina langu limeandikwa lote, Gideon Mukhwana, na herufi hazikukosewa hata moja. Maisha yangu yote nimetaka kuandikwa kwenye kitabu cha serikali.

Jumatatu Oyugi amerudi. Amesema ripoti haiwezi kufumuliwa kama kiatu, lakini Mheshimiwa Jemutai hajakata jina la mwanao kwenye daftari la buluu. Amesema mama huyo haamini kwamba mtu anayetoboa karatasi akitia alama anaweza kuwa mtu ambaye hakuona. Kama nitakubali kwenda Nairobi kabla Bunge halijafunga, kamati itanisikiliza tena, na ikiniamini itapeleka nyongeza ya ripoti yenye jina moja. Hakuniahidi. Na aliniambia bila kunificha kwamba nikibadilisha maneno ninaweza kushtakiwa kwa kuapa uongo. Ameniachia fomu nyingine. Safari hii inataka pia sahihi ya mlalamishi, na mlalamishi ni mama wa aliyechukuliwa.

Sasa nifike kwenye lile unalotaka kujua. Katekista ameniambia kwamba hutaki kusikia mengine yote, unauliza swali moja: kwa nini alikataa kufichwa, kama alikuwa mwoga? Kwa nini hakwenda akasema kimya kimya, milango ikiwa imefungwa, mtoto wangu akapona? Umeliuliza vizuri kuliko kamati.

Sikujua maana yake, Nekesa. Hiyo in kamera. Nilidhani ni kupigwa picha. Kumbe ndiyo kufungiwa milango. Kumbe ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa naitaka, na Nekoye alikuwa anaililia, na kijana wa watu alikuwa ananibembeleza niichukue. Nilielewa nikiwa nimeshakaa kwenye kile kiti, Mheshimiwa aliponisifu. Ningeweza kuinua mkono niseme samahani, sikuelewa neno, naomba milango ifungwe. Angeifunga. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi. Na kule kibandani Oyugi hakuniacha gizani, wacha nimtendee haki. Alikuwa ameanza kusema, Mzee, maana yake ni kwamba... Nikamkata. Nilimwambia, kijana, usinifundishe Kiingereza.

Mtu ambaye angeniambia ni Wabuge. Barua yoyote ya Kiingereza ikija kwangu, alikuwa anaichukua jioni, anaisoma kwa sauti, kisha anasema, Khocha, wewe hii unaijua, lakini hawa watu kweli wanamaanisha hivi na hivi? Na anaeleza yote akijifanya ananiuliza. Miaka minne ameishi kwangu na hata siku moja hakuniaibisha. Neno lililomfungia mlango, yeye ndiye angelifungua, na angelifungua kwa namna ambayo ningejiona nimelifungua mimi.

Vile vipande vya uzi wa kijani sikuvitupa. Viko kumi na vinne, ndani ya kopo la rangi ya viatu, na fundo la mwisho bado limefungwa. Oyugi anasema huenda ni kitu, huenda si kitu. Fomu iko ndani ya bahasha hii. Kile kisanduku kipo tena, ukurasa wa pili, na safari hii nimetia alama kwenye Ndiyo. Palipobaki sijaandika, kwa sababu sitaki kukisia tena. Jaza wewe, tia sahihi, mpe Kageha arudi nayo zile siku tatu zikiisha. Na kama huwezi kuniamini tena, mpe Kageha bahasha tupu, nitaelewa bila kuelezwa.

Na kwa vile nimeshika uzi wa kufumua, wacha niuvute wote. Unakumbuka baba alivyokutoa shule ukiwa darasa la sita, akasema ada ni ya mmoja na huyo ni mvulana, nikapelekwa Kitale kuendelea. Hukulia. Ulinipa sanduku lako. Kule Kitale nilikwenda shule wiki mbili, kisha nikawa nashinda sokoni kwa fundi viatu, na likizo ikifika narudi nyumbani na kukusomea maneno ya Kiingereza niliyoyatoa kwenye maboksi ya viatu. Kwa hivyo nikikuomba unijazie fomu, si kwamba nakuheshimu tu. Umesoma kunizidi.

Wasalimie watoto wa hapo, umsalimie katekista na umwambie ile habari ya risasi aifute. Chunga mguu wako na baridi. Sitakupigia simu tena mpaka unipigie. Mungu akushikilie, na kama atabakiwa na nafasi anishikilie na mimi.

Ni mimi ndugu yako,
Gideon Mukhwana,
fundi viatu,
darasa la tano.